Maarifa Pekee Hayamvishi Kijana Kofia

Mwaka 2014 watafiti William Tuong na April Armstrong walichapisha matokeo ya jaribio dogo walilolifanya kwa wanafunzi 50 wa sekondari huko California, Marekani. Kundi la kwanza lilitazama video fupi kuhusu jua na saratani ya ngozi. Kundi la pili lilitazama video kuhusu jua na sura: makunyanzi, madoa na uso kuzeeka kabla ya wakati. Baada ya wiki sita, makundi yote mawili yalikuwa yameongeza maarifa kwa kiwango kinachokaribiana, lakini ni kundi la pili tu lililoongeza matumizi ya losheni ya kukinga jua kwa kiasi cha kuonekana. Waliotahadharishwa juu ya saratani walielewa somo, kisha wakaendelea karibu kama zamani.

Kuanzia mwaka 2018, watafiti wengine walikwenda mbali zaidi katika mji wa Itaúna nchini Brazili. Wanafunzi walipigwa picha, kisha programu ya simu iitwayo Sunface ikawaonyesha nyuso zao zitakavyokuwa baada ya miaka mingi ya kuchomwa na jua bila kinga. Picha hizo zilitazamwa darasani, mbele ya wenzao. Miezi sita baadaye, waliopaka losheni kila siku walikuwa wameongezeka kutoka asilimia 15 hadi karibu 23. Katika madarasa ambayo hayakupata somo hilo, hali haikubadilika.

Siri iko kwenye wakati. Katika ubongo wa kijana, sehemu zinazofurahia tuzo ya papo hapo hukomaa mapema kuliko zile za kupima mambo ya mbele. Kwa kijana, saratani ya miaka 30 ijayo ni habari ya mtu mwingine. Uso wake na macho ya marafiki ni habari ya leo. Hata hivyo, Itaúna inatufunza jambo la pili: zaidi ya robo tatu ya wanafunzi bado hawakupaka losheni kila siku. Hamasa hufungua mlango, haimalizi safari.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee kwa vijana wenye ualbino. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wajikinge pindi kipimo cha mionzi ya urujuanimno kinapofika 3. Karibu na ikweta, mchana wa jua kipimo hicho hupita 11 mara kwa mara. Melanini katika ngozi nyeusi hunyonya sehemu kubwa ya mionzi hiyo kabla haijaharibu vinasaba vya seli. Mwenye ualbino hana ngao hiyo, au anayo kidogo mno. Inakadiriwa kuwa Tanzania ina mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400, ilhali Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja katika 17,000 hadi 20,000. Wengi hupata madoa na magamba yanayotangulia saratani wakiwa bado vijana, hasa usoni, masikioni, shingoni na midomoni.

Je, kijana huyu naye atishwe kwa sura yake? La hasha. Amekwisha kutazamwa vya kutosha, barabarani na darasani, na ngozi yake imesemwa mno. Tunachopaswa kuchukua kutoka California na Itaúna ni kwamba faida iwe ya karibu na iwe na maana kwake. Mwambie kwamba akijikinga leo, usiku atalala bila ngozi kuwaka, na kesho atacheza mpira tena badala ya kukaa ndani akiuguza malengelenge. Faida hiyo haihitaji kungojewa miaka 30.

Kisha tuangalie marafiki. Kofia pana ikivaliwa na mmoja tu, inakuwa alama ya kumtenga. Darasa zima likivaa kofia, ni sare. Shule inayokataza kofia kwa kuwa haimo kwenye orodha ya mavazi inamlazimisha kijana achague kati ya nidhamu na ngozi yake. Mwalimu anayesogeza paredi kivulini, au anayepanga michezo baada ya saa kumi jioni, jua linapopungua makali, humkinga bila kumnyooshea kidole.

Lipo pia suala la chupa yenyewe. Losheni hutakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili mtu akiwa juani, kwa hiyo huisha haraka, na bei ya dukani ni mzigo kwa familia nyingi. Ndiyo maana losheni ya Kilisun, iliyobuniwa Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC mahususi kwa watu wenye ualbino, ni hatua kubwa. Kenya nayo imekuwa ikigawa losheni bure kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Kijana hawezi kuwa na mazoea ya kupaka kitu kisichokuwapo nyumbani.

Kwa muda mrefu tumemlaumu kijana kwa kutosikia. Lakini utafiti unaonyesha kwamba anasikia vizuri. Kinachokosekana ni sababu ya leo, wenzake wa kuvaa nao kofia, na losheni mkononi. Mawili kati ya hayo matatu yako mikononi mwa watu wazima, na shule inaweza kuanza na sheria ya kofia muhula huu huu.