Kikombe cha Mti: Utangulizi

Anayetaka kuchonga kikombe cha mti kwa mkono wake huuliza kwanza juu ya vifaa. Jibu ni fupi: shoka dogo, kisu kilichonyooka, na kisu kilichopinda cha kukombea ndani, vyote vikiwa vimenolewa vikanoleka. Kisu butu hudai nguvu, na mkono uliotia nguvu nyingi ndio unaoteleza. Baada ya hapo, ninavyoielewa fani hii, somo lake kubwa ni maji: maji yaliyomo mtini siku unapokatwa, njia yanazopita yakitoka, na namna ya kuyazuia yasizipite tena siku utakapomimina chai.

Nakukaribisha kwanza kaskazini kabisa mwa Ulaya, ambako kikombe hiki kina wenyewe. Wasami, wenyeji wa eneo linaloitwa Sápmi, lililoenea Norwe, Uswidi, Ufini na Rasi ya Kola nchini Urusi, huchonga kikombe chenye mpini mfupi, chepesi kubebwa safarini. Wao hukiita guksi, na Wafini hukiita kuksa. Mchongaji hutafuta nundu iliyoota kwenye shina la mbetula, mti wa gome jeupe. Ndani ya nundu nyuzi za mti hazinyooki. Zinajipinda na kupishana. Ufa hupenda njia iliyonyooka, na humo hauipati. Wachongaji wengi hukichemsha kikombe kilichokombwa katika maji ya chumvi, kisha hukiacha kikauke polepole. Baadhi hupamba mpini kwa kipande cha pembe ya kulungu wa nchi za baridi, mnyama ambaye Wasami wengi wamemfuga vizazi kwa vizazi.

Kwa nini taabu yote hiyo juu ya ufa? Mti mbichi una maji ya namna mbili: yaliyojaa katika uwazi wa seli, na yaliyoshikamana na kuta za seli zenyewe. Ya kwanza yakitoka, mbao hupungua uzito tu. Unyevu ukishuka chini ya takribani asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, ya pili nayo huanza kutoka, na hapo ndipo mbao husinyaa. Lakini haisinyai sawa kila upande. Kwa kufuata mzunguko wa pete zake, husinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka moyoni kwenda gomeni. Kwa urefu wa nyuzi, karibu haisinyai kabisa. Gogo zima haliwezi kutosheleza mivuto hiyo yote kwa pamoja. Linapasuka, na ufa hufuata njia ya kuelekea moyoni.

Ukilishika jambo hilo, kanuni nyingi za kazi utazipata mwenyewe bila kukaririshwa. Gogo hupasuliwa kati na moyo wake huondolewa. Kikombe hulazwa katika nusu gogo, nyuzi zikipita kutoka mpinini hadi upande wa pili. Hakichongwi kwa kusimama kama mti ulivyosimama, kwa sababu kitako chake kingekuwa midomo ya mirija ileile iliyopandisha maji kutoka mizizini, na chai ingepenya. Kikombe hukombwa kingali kibichi, kwa kuwa mbao mbichi ni laini, na pia kwa kuwa ukuta mwembamba wenye unene sawa hukauka bila kuvutana sana. Bakisha unene wa kama sentimita moja, kizike kikombe katika vibanzi vyake ndani ya mfuko wa karatasi, ukakiweke kivulini pasipo upepo. Mfuko wa plastiki huleta ukungu. Siku za kukauka siwezi kukutajia, maana hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi hunyonya unyevu kuliko hewa ya Tanga. Aliye Dodoma afunike zaidi. Tumia mizani ya jikoni: uzito ukiacha kushuka, mbao imetulia, nawe utarudi kupunguza ukuta kwa kisu hadi milimita chache.

Kuhusu mkono wenyewe, mwalimu ninayemheshimu kuliko wote katika fani hii ni Mswidi Wille Sundqvist, aliyezaliwa mwaka 1925. Katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu kuchonga kwa kisu na shoka, alieleza mishiko ya kisu mmoja mmoja, akionyesha namna mkono unavyoweza kuwekwa ili ujizuie wenyewe kabla ubao haujaisha na kisu kufika mwilini. Mtu mzima anayeanza peke yake nyumbani aisome mishiko hiyo kabla ya kuchagua hata mti. Na kama atachonga umbo la guksi, asiliuze kwa jina la Wasami. Tangu miaka ya 1980 wao wana alama yao ya kutambulisha kazi za mikono za Kisami, na wana haki nayo.

Mbetula hatuna huku kwetu, ila hilo halimzuii mtu. Mafundi wa mitumbwi Zanzibar wamekuwa wakikomba mashina ya miembe tangu zamani, na mti unaozuia bahari isiingie unaweza pia kuzuia chai isitoke. Mwembe hukatika bila ukaidi. Ila utomvu wake huwasha ngozi za watu wengine, basi uondoe gome mapema na unawe mikono. Mwarobaini, wanaoutumia sana wachongaji wa Kikamba nchini Kenya, ni mzuri kwa sanamu, ila kwa uchungu wake mimi nisingeutumia kwa chombo cha kunywea. Mpingo ni mgumu mno kwa anayeanza, na vumbi lake huudhi ngozi na mapafu. Mti ambao hujui utomvu wake una nini, uache.

Kikombe kikishakauka na kulainishwa, hupakwa mafuta ili vinyweleo vizibwe. Mafuta ya nazi hulainisha lakini hayakauki. Mafuta ya kitani, yale safi yasiyochanganywa dawa za kukaushia rangi, hukutana na hewa yakawa utando mgumu. Yape wiki kadhaa kabla ya kumimina kitu cha moto. Badiliko hilo hutoa joto, na kitambaa ulichopakia kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke majini.