Mpiga Besi Aliyevaa Tarbushi ya Mustapha

Ukiiacha Mumias nyuma yako ukashika barabara ya Bungoma, miwa kulia na miwa kushoto, utapita soko la Mayoni. Abiria wa Pwani kwa kawaida hawashuki hapo. Hulitazama kwa dirishani, wakaendelea na safari. Lakini mtu wa Mombasa au Lamu hana sababu ya kujiona mgeni sana katika nchi ile. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili ilifika kwa Wawanga katika karne ya 19, ikaacha lugha, kanzu na misikiti, na kaburi la Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, liko Matungu, jirani na Mayoni.

Mpenzi wa muziki akikaa Mayoni huwa amezungukwa. Upande wa Bungoma kuna litungu la Wabukusu. Upande wa Kakamega kuna isukuti, zile ngoma za Waisukha na Waidakho ambazo shirika la UNESCO liliziandikisha mwaka 2014 katika urithi unaohitaji kulindwa haraka. Na ukishuka kusini, Kisa hadi Bunyore, kuna magitaa makavu ya mtindo wa omutibo.

Katika omutibo kuna jambo moja ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mpigaji ni mmoja, gitaa ni moja, lakini sikio linasikia watu wawili. Kidole cha shahada kinaimba juu. Kidole gumba kinatembea chini, kikigonga nyuzi nene kwa mwendo usiobadilika. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa bingwa wa mtindo huo, na gumba lake ndilo lililokuwa besi yake. Mnyime mpigaji kama huyo gumba lake, wimbo wote utakaa kama nyumba iliyong'olewa nguzo ya kati.

Besi ndiyo kazi isiyotunzwa. Katika taarab akina mama huinuka na noti zao wakamtunza mwimbaji, na pengine mpiga fidla naye akaambulia. Ni nani aliyekwisha kumwona mtu akimtunza yule mzee aliyesimama nyuma na besi kubwa kama kabati? Hata hivyo akikosea yeye, wote huyumba, na hadhira hujua kuna kitu kimeharibika ingawa haijui ni nini.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Mwaka 1992 lilitoka jijini London toleo la Abana Ba Nasery, watatu wa Bunyore: Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, ambaye alikuwa akikwangua chupa ya Fanta kama ala kamili ya muziki. Toleo hilo, Nursery Boys Go Ahead!, liliwakutanisha na wanamuziki wa Kiingereza na Kiayalandi, na miongoni mwao walikuwamo watu wa kundi lenye jina la ajabu, 3 Mustaphas 3. Kampuni iliyolitoa, GlobeStyle, ilikuwa chini ya Ben Mandelson, naye ndiye aliyejiita Hijaz Mustapha katika kundi hilo. Na mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya Hijaz jukwaani, akishika zile nyuzi nene nne, aliitwa Sabah Habas Mustapha.

Jina lake la kweli ni Colin Bass. Ndiyo, msomaji, jina lake la ukoo ndilo jina la chombo chake! Alizaliwa London tarehe 4 Mei 1951. Katika miaka ya 1970 alipiga besi katika bendi ya Clancy, kisha akawa katika kundi la mpiga gitaa Steve Hillage, ambaye muziki wake ulikuwa wa roki ya kuelea, sauti ndefu zisizo na haraka. Kwa mpiga besi hiyo ni shule ngumu. Gitaa likielea, lazima awepo mtu wa kulishikilia kamba.

Mwaka 1979 aliingia katika bendi ya Camel, yaani Ngamia. Bendi hiyo ilianza mwaka 1971 na kiongozi wake ni mpiga gitaa Andrew Latimer. Muziki wao ni roki ya masimulizi: toleo zima huweza kuwa hadithi moja. Nude, la mwaka 1981, linatokana na kisa cha yule askari wa Kijapani aliyebaki msituni Ufilipino hadi mwaka 1974, akiamini kwamba vita havijaisha. Katika nyimbo kama hizo besi haiwezi kuwa ngumi tu. Mara inabeba mwendo wa jeshi, mara inanyamaza, mara inaimba mahali pa mwimbaji. Bass ni mtu wa kuimba pia, nami naona hilo linasikika katika vidole vyake. Hapigi sauti ambayo koo lisingeweza kuitamka.

Camel ilipitia misukosuko, watu wakaingia na kutoka, na baada ya mwaka 1984 ikakaa kimya kwa miaka kadhaa. Mpiga besi wa kawaida angetafuta bendi nyingine ya roki. Huyu alivaa tarbushi.

3 Mustaphas 3 lilianza London mwaka 1982. Wenyewe walijitungia hadithi kwamba wao ni ndugu kutoka mji wa Szegerely huko Balkani, mji usiokuwapo katika ramani yoyote, na kwamba walifika Uingereza wakiwa wamefichwa ndani ya majokofu. Kila mmoja alikuwa Mustapha. Walivaa tarbushi, wakazungumza na hadhira kwa lafudhi ya kubuni, na watu wakacheka.

Hapa sina budi kusema. Mustafa si jina la kuchezea. Ni miongoni mwa majina ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, na katika kila mtaa wa Mombasa yuko mtoto aliyepewa jina hilo kwa nia ya kutafuta baraka. Mzungu akilivaa pamoja na tarbushi ili achekeshe watu wa klabu za London, msomaji wetu ana haki ya kukunja uso. Mimi mwenyewe tarbushi ile sikuipenda, na hata leo siipendi sana.

Lakini iweke santuri, kisha usikilize. Ngoma za Makedonia walizipiga kwa hesabu zake zenyewe, zile za mapigo saba na kumi na moja, bila kuzinyoosha ziwe nne nne kwa ajili ya masikio ya Ulaya. Katika Heart of Uncle ya mwaka 1989 utamkuta Awara Hoon, wimbo wa sinema ya Awaara ya mwaka 1951, ambao wazee wetu waliuimba kwa moyo baada ya kumwona Raj Kapoor, hata wasiojua neno la Kihindi. Katika toleo hilohilo umo wimbo wenye jina la Kiswahili, Anapandapanda, na mwingine wa Kiarabu, Sitna Zeinab. Kila wimbo una lugha yake na mwendo wake. Mzaha walijifanyia wao wenyewe. Nyimbo hawakuzifanyia mzaha. Na tofauti hiyo, kwa maoni yangu, si ndogo.

Na tufikirie kazi ya mpiga besi katika kundi kama hilo. Wapigaji wa fidla na zumari wanaweza kujificha katika mapambo. Yeye hana pa kujificha. Mahadhi mengi ya Kiarabu na ya Balkani hayakutungwa yakiwa na besi ya gitaa chini yake. Hayana ile mipango ya sauti tatu tatu ambayo mpiga roki amezaliwa nayo. Akipiga kama alivyozoea, atayageuza yawe roki iliyovaa kilemba. Akinyamaza, dansi inakufa. Basi inambidi atafute njia ya katikati, afuate pigo la dumbaki na aigonge sauti ya nyumbani ya maqamu pale tu inapohitajika. Mpiga besi wa Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, analijua tatizo hilo, kwani ndilo alilolitatua yeye pale besi kubwa ya Kizungu ilipoingia katika taarab yetu. Njia zao zilikuwa mbali, lakini swali lilikuwa moja.

Kundi hilo lilivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hata hivyo faida yake kwetu haikuishia katika tarbushi. GlobeStyle ndiyo iliyotoa matoleo ya taarab ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, Ikhwani Safaa wakiwamo, na mwaka 1990 ikatoa The Style of Mombasa ya Zein Musical Party, ambayo udi wake na sauti ya Zein l'Abdin hatuna haja ya kuzieleza kwa watu wa Pwani. Matoleo hayo yalibeba majina halisi ya wenyewe, si ya kubuni.

Sabah Habas yeye alielekea Indonesia. Alikuwa amependa dangdut, muziki wa mitaani wa huko, wenye ngoma za Kihindi, mahadhi ya Kiarabu na ya Kimalay, na gitaa la umeme juu yake. Mtu wa Pwani akiusikia mara ya kwanza hudhani ni binamu wa taarab ya kisasa aliyepotelea baharini. Akatunga wimbo kwa Kiingereza juu ya mwezi wa Denpasar, mji mkuu wa Bali. Mwaka 1993 mwimbaji wa Kifilipino, Maribeth, aliurekodi, nao ukaenea Indonesia nzima. Yakafuata matoleo mengine mengi. Bendi za hoteli zikaupiga kila usiku, na wageni wakarudi kwao wakiamini wamesikia wimbo wa kienyeji wa Bali.

Ni kisa tunachokijua kwa upande wa pili. Jambo Bwana ya Them Mushrooms wa Mombasa ilizunguka dunia, Boney M. wakaitoa kwa namna yao mwaka 1983, na mtalii aliyeiimba ufukweni Diani hakujua kwamba ina mtunzi mwenye jina na tumbo la kulisha. Malaika je? Ugomvi wa nani aliyeitunga umewazidi umri walioimba. Kwa kawaida sisi ndio tunaonyang'anywa, na wa Ulaya ndio wanaochukua. Safari hii Mwingereza aliyekuwa amejificha nyuma ya jina la kuazima aliona wimbo wake ukichukuliwa na watu wa Asia wakaufanya wao, na jina lake likapotea njiani. Sisemi kwamba ni kisasi. Nasema inafaa mwenye tarbushi naye ajue ladha yake.

Hakukimbia. Alirudi Indonesia, safari hii Bandung, mji ule ule wa mkutano wa Asia na Afrika wa mwaka 1955, akafanya kazi na wapigaji wa Kisunda wa studio ya Jugala. Studio hiyo ilikuwa ya Gugum Gumbira, mtu aliyeitia nguvu dansi ya jaipongan. Tunda lake ni Jalan Kopo, lililopewa jina la barabara ya mji huo, la mwishoni mwa miaka ya 1990. Nalihesabu kuwa kazi yake bora nje ya Camel. Ngoma ya kendang ndiyo inayoongoza, nayo besi inaifuata kwa adabu ya mgeni aliyekaribishwa chakula: anakula, anasifu, hagusi chungu.

Camel nayo iliamka mwaka 1991, na Bass akawa nayo tena. Mwaka 1999 ikatoa toleo ambalo msomaji wa Pwani angepaswa kulijua kuliko yote. Linaitwa Rajaz.

Neno hilo halihitaji mkalimani kwetu. Rajaz ni bahari ya ushairi wa Kiarabu, na inasemekana ni katika zile kongwe kabisa, iliyotokana na nyimbo za waongoza ngamia, waliokuwa wakipima maneno kwa hatua za mnyama ili asichoke. Mwanafunzi aliyehifadhi Alfiyya ya Ibn Malik, ile nahau ya beti elfu moja, alikuwa akitembea juu ya rajaz bila ya ngamia wala jangwa, fimbo ya mwalimu ikiwa karibu. Latimer aliisikia habari ya mwendo huo wa ngamia akaona bendi yenye jina la mnyama huyo haina njia ya kuikwepa. Katika wimbo wenyewe gitaa linalia juu, taratibu, na chini yake besi inahesabu hatua. Bass alikuwa amekwisha kaa miaka na maqamu za watu wengine, nami nasikia kwamba hakuhitaji kuambiwa pa kuweka mguu.

Latimer aliugua maradhi ya damu, akapandikizwa uboho mwaka 2007, na watu wakadhani Camel imekwisha. Mwaka 2013 bendi ilirudi jukwaani, na tarehe 17 Septemba 2018 ikapiga katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Bass alikuwa mahali pake, miaka 39 tangu alipoingia. Katikati alikuwa ametoa At Wild End mwaka 2015, kazi ya utulivu kwa jina lake mwenyewe, bila tarbushi.

Anayetaka kumsikia na aanze na Rajaz, kisha Jalan Kopo, na Heart of Uncle baadaye. Kabla ya yote hayo, hata hivyo, atafute wimbo wowote wa George Mukabi na alisikilize lile gumba peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Sikio likishazoea kushuka chini kule, Colin Bass hatakuwa mgumu kumfuata.