Nauli ya mwanafunzi: Nani alipe tofauti?

UKISIMAMA katika kituo cha daladala jijini Dar es Salaam saa 12 asubuhi siku ya shule, utaona jambo lile lile. Gari linafika, watu wazima wanagombea mlango, na konda ananyoosha mkono kuwazuia watoto wenye sare. Wawili watatu wanapita, wengine wanaambiwa wasubiri gari la nyuma. Lakini saa 5, gari likiwa tupu, konda huyo huyo huwaita wanafunzi kwa sauti ya upole.

Wengi humlaumu kuwa hana utu. Hata hivyo, mfanyabiashara yeyote akishika kalamu ataona kwamba chanzo ni hesabu.

Hesabu ya siti moja

Mwaka 2013, Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri wa Nchi Kavu na Majini (Sumatra) ilipanga nauli ya mtu mzima kwa safari isiyozidi kilomita 10 kuwa sh 400, na ya mwanafunzi sh 200. Mtoto alilipa nusu. Sumatra ilipompisha mrithi wake, Latra, mwaka 2019, nauli ziliendelea kufuata gharama. Mei 2022 mtu mzima alipandishiwa hadi sh 500, na Desemba 2023 hadi sh 600. Ya mwanafunzi ilibaki sh 200. Kutoka nusu, ikawa theluthi.

Kwa mzazi huo ni unafuu mkubwa. Mtoto anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi hutumia sh 800 kwa siku, yaani sh 16,000 kwa mwezi wenye siku 20 za masomo. Kwa nauli ya mtu mzima ya sh 600, zingekuwa sh 48,000. Tofauti ni sh 32,000 kwa mtoto mmoja.

Fedha hizo hazitoki Hazina. Anayezibeba ni mwenye gari, au dereva na konda wanaotakiwa kupeleka hesabu ya tajiri kila jioni, awe amebeba wanafunzi wengi au la. Mafuta na matairi hayana bei ya mwanafunzi.

Ndiyo maana saa ni muhimu. Gari likiwa tupu, sh 200 ya mwanafunzi ni faida. Asubuhi gari likijaa, kila mwanafunzi anachukua nafasi ya abiria wa sh 600, na konda anaona sh 400 zikimponyoka. Serikali imeagiza huduma, lakini bili ameachiwa mtu binafsi. Anayeumia mwisho ni mtoto anayefika shuleni kipindi cha pili.

Vijijini hakuna hata daladala

Kwa mkulima, tatizo ni jingine. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, na shule za kata zilijengwa ili kusogeza masomo karibu. Hata hivyo, kata ina vijiji kadhaa, na mtoto wa kijiji cha pembeni bado hutembea mwendo mrefu. Nauli ya sh 200 haimsaidii pasipo na gari. Wazazi wengine huwapangia watoto vyumba karibu na shule, maarufu kama mageto, ambako msichana hukaa bila mwangalizi. Wengine huona bora abaki nyumbani.

Funzo kutoka Bihar

Jimbo la Bihar nchini India, lenye wakulima wengi maskini, lilikuwa na tatizo kama hilo. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilianza kumpa kila msichana aliyeingia darasa la 9 rupia 2,000 za kununua baiskeli. Fedha zilikabidhiwa hadharani, mbele ya watu, na familia ikanunua baiskeli yenyewe dukani.

Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walilinganisha Bihar na jimbo jirani la Jharkhand. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa uandikishaji wa wasichana sekondari uliongezeka kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Waliofaidika zaidi ni wa vijiji vilivyo zaidi ya kilomita tatu kutoka shuleni.

Baiskeli haiwezi kutatua kila kitu. Mlimani ni mzigo, na katika barabara kuu za jiji ni hatari. Lakini jambo la kujifunza ni nani alilipa. Bihar ilitoa fedha za umma kwa ajili ya safari ya mtoto, muuza baiskeli akalipwa bei yake kamili, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumkwepa mwanafunzi.

Mjini nako fedha za umma zinaweza kufidia ile tofauti kwa kila mwanafunzi aliyebebwa, mradi kuwe na njia ya kuwahesabu, kama kadi, ili asilipwe mtu kwa abiria hewa. Gharama itakuwa kubwa, lakini hata sasa gharama ipo. Inalipwa kila asubuhi kituoni, na mwenye gari pamoja na mtoto aliyeachwa.