Redio ya zamani humuumbua mtengeneza filamu

Na Mwandishi Wetu, Ilemela

WATAZAMAJI wengi wa filamu za zamani za Uingereza huangalia waigizaji, mavazi na magari. Wachache macho yao hukimbilia redio iliyowekwa juu ya kabati nyuma ya mwigizaji, kwani redio hiyo inaweza kuthibitisha mwaka unaodaiwa na hadithi, au kuukanusha.

Umbo ndilo linaloonekana kwanza. Redio ya mviringo ya Ekco AD65, iliyosanifiwa na Wells Coates kwa bakelaiti, ile plastiki ngumu ya awali, ilitoka mwaka 1934. Bush DAC90 ilitoka mwaka 1946. Hata hivyo, umbo pekee halitoshi. Redio ilidumu nyumbani miaka mingi, hivyo kuonekana kwa redio ya mwaka 1934 katika filamu ya mwaka 1950 si kosa hata kidogo. Kosa ni redio kuonekana kabla haijatengenezwa.

Ushahidi mzito zaidi umo katika kioo cha kutafutia stesheni, ambako majina ya idhaa yalichapishwa. Redio yenye jina Light haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1945, BBC ilipoanzisha idhaa hiyo. Jina Third lilifuata mwaka 1946. Alama ya VHF ni ya baadaye zaidi, kwani BBC ilianza matangazo ya kawaida ya masafa hayo Mei 1955.

Lipo pia kosa ambalo karibu kila mwongozaji hulifanya kwa makusudi. Redio za zamani zilitumia vali za kioo zinazofanana na balbu, na vali hizo zilihitaji muda wa kupata moto kabla sauti haijatoka. Katika filamu, kitufe kikizungushwa tu, mtangazaji huanza kusema papo hapo. Mtazamaji husamehe, maana hakuna anayetaka kusubiri nusu dakika.

Redio ya transista haisameheki kirahisi hivyo. Transista ilivumbuliwa Marekani Desemba 1947, na redio ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa Uingereza, Pam 710, ilitoka mwaka 1956. Ikionekana katika mchezo wa televisheni unaohusu vita ya mwaka 1940, aliyepanga vifaa hakufanya kazi yake.

Kwa Ilemela na Mwanza kwa ujumla, ambako vijana nao hutengeneza filamu, kipimo hicho kinafanya kazi vilevile, na hapa jina la kituo lina uzito kuliko umbo la redio.

Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951. Hadithi ya Mwanza ya mwaka 1948 haiwezi kuwa na familia inayosikiliza kituo hicho. Idhaa ya Kiswahili ya BBC nayo ilianza mwaka 1957.

Mtego mkubwa ni Uhuru wa Desemba 9, 1961. Mtangazaji katika filamu akijitambulisha kuwa ni wa Redio Tanzania Dar es Salaam, amekosea: jina Tanzania halikuwapo, na kituo kilikuwa chini ya Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Redio Tanzania ilipata jina hilo mwaka 1965, hivyo inafaa kabisa katika hadithi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hata katika ile ya kuzama kwa meli ya mv Bukoba Mei 21, 1996.

Tatizo ni kwamba redio zenyewe zinapungua. Nyingi huvunjwa ili kupata shaba iliyomo ndani ya transfoma, na kioo chenye majina ya stesheni hutupwa kwa kuwa hakina bei. Kabla ya redio ya babu kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, inatosha kupiga picha mbili: moja ya kioo hicho, nyingine ya kibandiko cha mgongoni, ambako namba ya toleo huandikwa.