Plastiki ilitoka wapi?

Siku ya soko hapa Mubi tunaona mafuta ya mawese ndani ya bidoni, chumvi ndani ya sashe, samaki ndani ya beseni. Watu wanatuuliza: plastiki hii ni muti, ni jiwe ao ni mupira?

Tunajibu: ni kitu kilichotengenezwa na watu, na chanzo chake kinagusa inchi yetu. Katika karne ya 19 Wazungu walifanya chanuo, piano na mipira ya biliari kwa meno ya tembo. Meno mengine yalitoka Maniema, yakabebwa mabegani hadi Zanzibar. Bei ilipanda. Mwaka 1863 wauza biliari wa New York wakaahidi dola 10,000 kwa mutu atakayevumbua kitu cha kushika pahali pa meno hayo. John Wesley Hyatt akachanganya kafuri na pamba iliyopitishwa katika asidi, akapata seluloidi. Ilikuwa ngumu na nzuri, lakini iliwaka upesi sana.

Kisha akaja Leo Baekeland, mutoto wa fundi wa viatu wa Gent, Ubelgiji, aliyehamia Marekani mwaka 1889. Mwaka 1907 alichukua fenoli, inayotoka katika lami ya makaa ya mawe, akaichanganya na formaldehidi, akaipika kwa joto na nguvu ndani ya chombo cha chuma. Ginsi hiyo akapata Bakelite, plastiki ya kwanza isiyotoka katika mumea wala munyama. Ikikwisha kukauka haiyeyuki tena, wala haipitishi umeme. Kwa hiyo ilitumiwa katika simu na redio. Mwaka 1933 Waingereza wakavumbua polietileni, ile ya sashe na bidoni zetu.

Tuangalie vema: watu hao walitafuta kitu kigumu kisichooza, wakakipata. Sifa ile ile ndiyo inatusumbua leo. Jani la chikwange linarudi kuwa udongo, sashe hairudi. Kule Bukavu, plastiki zinazoelea juu ya ziwa Kivu zimeziba mara nyingi mitambo ya umeme ya Ruzizi. Serikali ilikataza sashe kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini zingali sokoni.

Basi tusidharau kazi ya wenye akili: bidoni imepunguzia mama zetu uzito wa mutungi. Lakini tunapashwa kufundisha watu wasitupe sashe mtoni, wala wasiwashe nayo moto wa jikoni, maana moshi wake una sumu. Katekista aanze na kiwanja cha kapela yake.