Je, Wajua? Kiu ya Unga na Vitasa vya Ubongo

Je, wajua kwamba serotonini, kemikali inayosifiwa kwa kutuliza moyo, haikai sana kichwani? Takriban asilimia 90 iko tumboni. Ndizi mbivu nayo inayo, lakini hata ukila mkungu mzima, ile ya ndizi haipenyi kuingia ubongoni. Ubongo hujitengenezea yake.

Je, wajua kwamba serotonini ina vipokezi vya aina zipatazo 14, vilivyogawanyika katika koo 7? Kipokezi ni kitasa. Ufunguo ni uleule, ila kila kitasa kina mlango wake, na milango mingine inapingana.

Mtazame panya wa maabara. Amefundishwa kubonyeza kitufe apate kokeini, na kila akipata, kitaa kinawaka na kengele inalia. Kokeini ikikatwa, anabonyeza wee, anachoka, anaacha. Zinapita siku. Kitaa kinawashwa tena, kokeini hakuna, naye huyo, mbio kwenye kitufe! Lakini watafiti wakikiziba kipokezi cha serotonini kiitwacho 2A, mbio hizo hupungua. Pacha wake, 2C, ni kinyume chake: huyo ukimchochea, ndipo hamu inaposhuka. (Kwa hiyo anayekuambia “ongeza tu serotonini” hajui anafungua mlango upi.)

Na binadamu aliyenaswa na unga je? Kitaa chake ni kipande cha foili, harufu ya kiberiti, kona ya maskani. Ametoka soba hausi na afya yake, anapita pale mara moja tu, jasho linamtoka. Majirani watasema hana msimamo. Mimi namkumbuka yule panya.

Je, wajua kwamba ondansetroni, dawa wanayopewa wagonjwa wa saratani wasitapike, hukiziba kipokezi cha 3? Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba inapunguza dalili za arosto, yaani mateso ya kukatiwa afyuni, kwa panya na kwa watu waliojitolea.

Lorcaserini, yenye kuchochea 2C, iliidhinishwa Marekani 2012 kwa ajili ya kupunguza unene, na ilipunguza hamu ya nikotini kwa panya. Mwaka 2020 ikaondolewa sokoni kwa hofu ya saratani.

Mwenye ndugu aliyenaswa na unga asingoje dawa za panya. Methadoni, ambayo hupitia vitasa vingine kabisa, vya afyuni, inatolewa hospitali ya Muhimbili tangu 2011. Mpeleke.