Je, Wajua? Mchambuzi Akitabiri, Shabiki Anaandika Pembeni

Je, wajua kwamba moja ya kauli maarufu kabisa katika uchambuzi wa soka Uingereza ni utabiri uliogonga mwamba? Jumamosi ya Agosti 19, 1995, Manchester United walichapwa 3-1 na Aston Villa katika mechi yao ya kwanza ya msimu. Usiku huo Alan Hansen, beki wa zamani wa Liverpool, akawaambia watazamaji wa BBC kwamba huwezi kushinda chochote ukiwa na watoto. Watoto wenyewe walikuwa Beckham, Scholes, Butt na ndugu wawili wa ukoo wa Neville. Mei 1996 watoto hao wakabeba ubingwa wa ligi, kisha wakawafunga Liverpool, timu ya Hansen, 1-0 katika fainali ya Kombe la FA. Kauli ikachapwa kwenye fulana na mpaka leo mashabiki wa United wanamkumbusha. Tumtendee haki mzee: kocha wa United, Ferguson, alikuwa ameuza Ince, Hughes na Kanchelskis, na Cantona alikuwa amefungiwa kucheza. Wengi wetu tungesema alichosema. Ila shabiki hahifadhi sababu, anahifadhi kauli.

Fulana nyingine ya kejeli alishonewa Arsène Wenger, kocha wa Arsenal. Septemba 2002 alisema Arsenal wanaweza kumaliza msimu mzima bila kufungwa. Mwezi uliofuata kijana wa miaka 16 wa Everton, Wayne Rooney, akawatungua dakika za mwisho, na mji mzima ukacheka. Msimu wa 2003/04 Arsenal wakacheza mechi 38, wakashinda 26, sare 12, kufungwa hakuna. Kwenye sherehe za ubingwa Wenger akaishika fulana ile ile juu, watu waisome vizuri.

Je, wajua kwamba Gary Lineker aliwahi kutangaza kipindi akiwa na bukta tu? Desemba 2015 aliahidi kwamba Leicester City wakitwaa ubingwa, kipindi cha kwanza cha Match of the Day cha msimu unaofuata atakiendesha akiwa na nguo ya ndani. Mwanzoni mwa msimu kampuni za kamari zilikuwa tayari kulipa pauni 5,000 kwa kila pauni 1 aliyoweka mtu kwa Leicester. Mei 2, 2016 Tottenham, waliokuwa wakiwafukuza, wakatoka sare ya 2-2 na Chelsea, mchezo ukaisha. Agosti 13 Lineker, mzaliwa wa Leicester, akatokea kifua wazi. Bukta yenyewe ilikuwa nyeupe, ndefu, ya heshima zake. Kwa maoni yangu ahadi ilitimia nusu.

Mtabiri aliyetikisa dunia kuliko wote hakuwa na leseni ya ukocha wala hakuwahi kucheza mpira. Alikuwa pweza. Paul aliishi katika bwawa la maonyesho mjini Oberhausen, Ujerumani, na kazi yake ilikuwa kuchagua kati ya masanduku mawili yenye chakula, kila moja lina bendera ya timu. Kombe la Dunia la 2010 alipatia mara 8 kati ya 8: mechi zote 7 za Ujerumani na fainali ya Hispania na Uholanzi. Ukibahatisha kati ya viwili mara nane mfululizo, nafasi yako ya kupatia zote ni 1 kati ya 256. Lakini angalia mashabiki walivyompokea. Alipoichagua Ujerumani dhidi ya Argentina, na Argentina wakala nne bila, Waargentina wakaanza kutaja namna ya kumpika. Alipoigeuka Ujerumani na kuichagua Hispania katika nusu fainali, Wajerumani nao wakadai achomwe. Waziri Mkuu wa Hispania, José Luis Rodríguez Zapatero, akatania kwamba huenda ikabidi ampelekee walinzi. Paul alijifia mwenyewe Oktoba 2010, bila kuguswa na mpishi. Pale Forodhani, Zanzibar, wanakochoma pweza, asingefika hata robo fainali.

Miaka miwili kabla, kwenye Euro 2008, pweza huyo huyo alikosea mara 2 kati ya 6, ikiwemo fainali. Hilo halisimuliwi sana.

Je, wajua kwamba Pelé wa Brazil alikuwa mtabiri mbaya? Mfalme wa soka alikuwa na mdomo wa nuksi. Kabla ya Kombe la Dunia la 1994 aliipigia debe Colombia, na hakukosa sababu, kwa kuwa Septemba 1993 Colombia walikuwa wameichapa Argentina 5-0 kule kule Buenos Aires. Colombia wakatolewa hatua ya makundi wakiwa mkiani. Aliwahi pia kusema kwamba timu ya Afrika itatwaa Kombe la Dunia kabla ya mwaka 2000. Tulimpenda kwa hilo, na tukasubiri. Morocco walipofika nusu fainali mwaka 2022, wa kwanza kutoka bara letu, utabiri ulikuwa umeshapitwa na miaka 22.

Wajua kwamba kuna wakati wachambuzi walitabiri na utabiri wao ndio ukawa matokeo? Mwanzoni mwa 1963 barafu ilivifunga viwanja vya Uingereza kwa wiki nyingi, na kampuni za kubashiri mechi zikawa hazina mechi. Zikaunda jopo la wakongwe wa soka, wakiwemo Tom Finney na Tommy Lawton, likajifungia chumbani na kuamua nani angeshinda, nani angefungwa na nani angetoka sare. Watu wakalipwa kwa mechi ambazo hazikuchezwa. Jopo hilo halikuvunjwa barafu ilipoyeyuka. Fikiria kijiwe chetu kingelipokeaje!

Mjuzi wa soka anamzidi asiyejua? Watafiti wa Sweden waliliuliza hilo kwa kutumia Kombe la Dunia la 2002. Wajuzi na wasiofuatilia soka waliombwa kutaja timu zitakazovuka makundi. Matokeo, yaliyochapishwa 2005: walikaribiana sana. Tofauti kubwa ni kwamba wajuzi walijiamini zaidi. Na mtu ambaye angefuata tu orodha ya viwango vya dunia, bila kuchambua chochote, angewapita wengi wao. Kumbuka hayo ndiyo mashindano ambayo Ufaransa, mabingwa watetezi, walifungwa na Senegal siku ya ufunguzi na kurudi nyumbani bila goli hata moja.

Kompyuta nazo zinaaibika. Mwaka 2018 benki ya UBS ya Uswisi ililiigiza Kombe la Dunia mara 10,000 na kuipa Ujerumani nafasi kubwa kuliko wote. Ujerumani wakamaliza wa mwisho katika kundi lao.

Huku kwetu, Agosti 2025, Kenya waliangukia kundi la CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, lililobatizwa kundi la kifo: Morocco, Angola, DR Congo na Zambia. Wengi waliwaandikia tanzia mapema. Harambee Stars wakaongoza kundi bila kufungwa, na pale Kasarani wakaifunga Morocco 1-0 wakiwa 10 uwanjani. Morocco hao hao ndio waliolibeba kombe.

Je, wajua mkeka wa kubashiri mechi 17 una njia ngapi za kuandikwa, ukihesabu ushindi wa nyumbani, sare na ushindi wa ugenini? Ni 129,140,163. Mei 2017 Mkenya mmoja alizipatia zote 17 na kuondoka na shilingi milioni 221 za Kenya. Waliochaniwa mikeka siku hiyo hawakuandikwa magazetini.

Sasa tufike Kariakoo, Dar es Salaam. Wiki ya dabi ya Simba na Yanga ndiyo wiki ngumu kuliko zote kwa mchambuzi wa redio. Akisema Yanga, simu ya kwanza inamwambia kapewa bahasha. Akisema Simba, anaulizwa kadi yake ya uanachama ni namba ngapi. Akisema sare, anaitwa mwoga. Ndiyo maana wengi wamejificha kwenye misemo ya akiba: mechi ya watani haitabiriki, mpira unadunda, dakika tisini zitaamua. Nao wana ushahidi. Oktoba 20, 2013 Yanga walienda mapumziko wakiongoza 3-0. Mechi ikaisha 3-3, na waliokuwa wameshaanza kutamba wakaomba maji ya kunywa. Novemba 5, 2023 Yanga walishinda 5-1, na kwa wiki kadhaa ilitosha kumnyooshea mtani vidole vitano bila kusema neno. Simba, yaani Mnyama, naye alikuwa na tano zake, za Mei 6, 2012, bila majibu.

La mwisho. Wajua kwamba BBC humwekea mtabiri wao alama hadharani? Mark Lawrenson alitabiri mechi za Ligi Kuu ya Uingereza mpaka 2022, kisha akaja Chris Sutton. Kila wiki mtabiri hushindana na mgeni, mara mwanamuziki, mara mwigizaji: alama 10 kwa kupatia mshindi au sare, 40 kwa kupatia magoli ya kila timu. Enzi za Lawrenson walichapisha hata msimamo wa ligi jinsi ungekuwa kama utabiri wake wote ungetimia, na mashabiki wa kila timu waliutumia kuthibitisha kwamba anawachukia wao peke yao. Vituo vyetu navyo vianze. Mchambuzi akikaa Jumatatu kwenye kiti chake, kabla hajafungua mdomo kuhusu mechi zijazo, watusomee kwanza alipatia ngapi wiki iliyopita.